Kangambili kwenye bamia: wawahi wakiwa bado kundi

Wadau wa Mwanza mnaolima bamia kabustani nyuma ya nyumba, au pamba huko Magu na Misungwi, mshawaona wale wadudu wekundu wanajazana kwenye tunda moja mpaka unadhani limepakwa rangi? Hao ni watoto wa kangambili, na huo msongamano wao ndo bahati yako, maana wakishaota mabawa wanasambaa shamba zima.

Hakikisha kwanza ni wenyewe. Watoto hawana mabawa, ni wekundu wana mistari myeupe tumboni. Wakubwa utawakuta wawili wawili wameshikana kwa nyuma, mmoja anamvuta mwenzie, ukiona hivyo usiulize tena. Mdomo wao kama sindano, wanatoboa wanafyonza mbegu, kwahiyo majani yakiwa yametafunwa usiwasingizie, tafuta mwingine.

Sasa amka saa kumi na mbili, kibaridi cha ziwani bado kipo na wao wamezubaa. Ndoo, maji nusu, sabuni ya unga kidogo, koroga, bila sabuni wanaelea afu wanapanda ukingoni wanaondoka zao. Tanguliza ndoo chini ya tunda NDO upige tawi, mi siku ya kwanza nilishika tunda kabla ya ndoo, aisee walijiachia wote wakapotelea kwenye majani makavu nikabaki natazama. Rudia kila baada ya siku tatu nne, kwasababu mayai yapo kwenye udongo na takataka za chini, sio kwenye mmea, so wengine watapanda tu. Fagia hizo takataka.

Kama ni wengi sana tega. Weka rundo dogo la mbegu za pamba au ubuyu uliopasuliwa, mbali na mashina, asubuhi ukikuta wamejaa mwagia maji ya moto. Mbali na mashina nimesema, usije ukachemsha mizizi yako mwenyewe.

Ila kuna mmoja mwekundu anafanana nao kabisa, anakaa humo humo kwenye kundi, kichwa chembamba kirefu na mdomo umejikunja kwa chini. Huyo anawala kangambili, muache, na usimshike kwa vidole maana anachoma. Ukikimbilia kupuliza dawa unamuua na huyu, ndo maana mi dawa naiweka mwisho kabisa.

Bamia za kula vuna changa kila baada ya siku mbili, hawapati muda wa kuzizoea. Shida ni zile unazoacha zikauke kwa ajili ya mbegu, hizo zivishe kimfuko cha neti ya zamani, la sivyo utapanda mbegu zimesinyaa hazioti. Na wa pamba, okoteni vitumba vikifunguka tu, wakiingia hao wanaingiza na fangasi, nyuzi zinakuwa za njano na mzigo wako unahesabika fifi, yaani pamba ya daraja la chini. Msimu ukiisha ng'oa masalia yote uchome, usiwaachie pa kujishikiza.