Kuomba chuo ukiwa Tabora: majina kwanza, fomu baadaye

Kila Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, steshenari za Tabora mjini hujaa vijana kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua. Kila mmoja anataka fomu ijazwe siku hiyohiyo awahi gari la kurudi, na haraka hiyo ndiyo inayozaa makosa mengi. Tangu 2017 mwombaji wa shahada anaomba moja kwa moja chuoni huku TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ikisimamia, kwa hiyo mkague fomu wenyewe, wewe na mzazi.

1. Linganisha majina. Weka cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne mezani, usome herufi kwa herufi. Hadija na Khadija ni watu wawili kwenye mfumo. Vivyo hivyo Shabani na Shaaban. Yakitofautiana, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo. Kisha omba RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, wahakiki cheti cha kuzaliwa kupitia mtandao: unapakia nakala iliyoskaniwa, unalipia kwa namba ya malipo, halafu unasubiri namba ya uhakiki. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho huhakikiwa. Maliza kazi hii baada tu ya mtihani wa Mei. Ukingoja Julai utapanga foleni na nchi nzima.

2. Tumia laini na barua pepe yako. Usikubali mwenye steshenari aweke za kwake, hata akiwa mwema kiasi gani. Nywila iandike daftarini.

3. Piga hesabu ya pointi. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mhitimu wa kidato cha sita ni pointi 4.0 kutoka masomo mawili yanayotakiwa na kozi husika. Hapo wengi huteleza. Tuseme umesoma mchepuo wa HGL ukapata Historia C, Jiografia D, Kiingereza E. Kozi inayodai Historia na Jiografia inakupa 5, unapita. Inayodai Jiografia na Kiingereza inakupa 3, umekwama, ingawa jumla yako ya masomo matatu ni 6. General Studies haimo kwenye hesabu hii.

4. Chagua kozi ukiwa na kitabu cha mwongozo cha TCU. Tazama sifa za kozi na idadi ya nafasi. Ukijaza kozi zinazogombaniwa tupu, unaweza kukosa zote hata kama sifa unazo, kwa hiyo changanya na zisizogombaniwa sana. Pointi zisipotosha, stashahada ni njia halali kabisa, na vyuo vyake vinasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Hapa Tabora kipo Chuo cha Nyuki, na kwa mtoto aliyekulia kwenye mizinga ya Sikonge hilo si chaguo la kujifariji.

5. Jaza fomu. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo kitambulisho chako kila mahali. Uliyerudia mtihani una namba mbili: chagua moja ya kuombea, uitumie hiyohiyo chuoni na Bodi ya Mikopo, na nyingine uitaje panapoulizwa.

6. Omba mkopo sambamba, usingoje kuchaguliwa. Ada ya miaka ya karibuni ni shilingi 30,000. Fomu inachapishwa, inasainiwa na wewe, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha inapakiwa tena. Anayetoka kijijini aanze kwa mwenyekiti kabla ya kupanda gari la mjini. Kabla ya kupakia, fungua faili ukuze picha: je, muhuri unasomeka? Saini ya mdhamini ipo? Ukurasa mmoja ukikosa muhuri, ombi linahesabiwa halijakamilika.

7. Thibitisha. Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unatumiwa namba maalum ya siri kwa ujumbe mfupi, nawe unaiingiza kwenye akaunti ya chuo unachokitaka. Laini ikiwa ya mtu mwingine, ujumbe unaishia kwake. Ujumbe usipofika, ingia kwenye akaunti hiyo uombe utumiwe tena kabla tarehe ya mwisho haijapita. Uliyekosa awamu ya kwanza, subiri orodha ya kozi zenye nafasi, urudie hesabu ya hatua ya 3 kabla ya kulipa tena.