Nyuzilandi: lenga Machi

Kiangazi cha Nyuzilandi ni Desemba hadi Februari, ila usikimbilie Krismasi. Kuanzia hapo hadi mwisho wa Januari shule zimefungwa, wenyeji nao wako safarini, na bei za vyumba na magari ya kukodi hupanda sana. Bora mwisho wa Februari hadi katikati ya Aprili: hali ya hewa huwa tulivu zaidi, bahari bado ina joto la kiangazi, watu wamepungua. Majani ya miti yanayogeuka dhahabu huko Arrowtown, mji mdogo wa Kisiwa cha Kusini, yanataka nusu ya pili ya Aprili.

Milford Sound, ghuba nyembamba kati ya milima mirefu ya Kisiwa cha Kusini, ni habari nyingine. Hupata zaidi ya mita 6 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo usihangaike kutafuta mwezi mkavu. Tenga siku moja ya akiba. Kati ya Mei na Novemba barabara yake huweza kufungwa kwa hatari ya maporomoko ya theluji, na tangazo likitaka minyororo ya matairi, usiende bila hiyo.

Unataka kutembea Milford Track, njia ya miguu ya siku kadhaa ambayo usiku hulalwa vibandani? Msimu ni mwisho wa Oktoba hadi Aprili, na vitanda vya vibandani huisha upesi mno. Pata kitanda kwanza, ndipo ununue tiketi ya ndege.