Ekari Moja ni Kubwa Kiasi Gani? Kuchagua Mifano ya Kueleza Ukubwa wa Ardhi kwa Wakulima wa Malindi

Mkulima akiambiwa kwamba mbegu ya mahindi hupandwa kilo 25 kwa hekta, ilhali yeye amezoea kulihesabu shamba lake kwa ekari, kosa huanzia hapo hapo kikaoni wala halisubiri msimu. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, na ekari moja ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo hekta ina karibu ekari mbili na nusu. Kilo 25 za hekta ni kilo 10 za ekari, yaani paketi 5 za kilo 2. Atakayenunua kilo zote 25 kwa ekari yake moja amelipia mbegu ya mashamba mawili na nusu. Nimeliona kosa hili zaidi ya mara moja katika vijiji vya bara ya Malindi, na kila mara mkulima hakuwa mzembe. Alikuwa amepewa tarakimu ambayo haikumjia na sura yoyote machoni.

Sisi tunaotoa mafunzo ya kilimo, pamoja na wenyeviti wa vikundi na wakulima wa mfano, tuna wajibu wa kuipa tarakimu hiyo sura. Lakini mfano wa kulinganisha nao ni kipimo, na kipimo hukaguliwa kabla ya kutumiwa. Mfano usiokaguliwa hudhuru kuliko kutokuwa na mfano, kwa sababu msikilizaji huuamini na kwenda nao shambani.

Tuanze na uwanja wa mpira, ambao ndio unaokimbiliwa na wengi. Husemwa kwamba ekari moja ni uwanja wa mpira, na wengine husema hivyo hivyo kuhusu hekta, na ajabu ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli. Sheria za mchezo huo huruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Uwanja mdogo kabisa, wa mita 90 kwa 45, una mita za mraba 4,050, na hiyo ni ekari moja barabara. Uwanja wa kawaida wa mashindano makubwa, wa mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140, ambazo ni ekari moja na robo tatu. Ule mkubwa kabisa unaoruhusiwa hupita hekta moja. Basi neno "uwanja" peke yake halitoshi. Ninashauri kila kikundi kiupime uwanja wa shule iliyo karibu nacho, mstari kwa mstari, kisha kiandike katika daftari lake kwamba uwanja wetu ni ekari kadhaa. Tangu siku hiyo wanakikundi wote, hata wasiojua kusoma, watakuwa na kipimo ambacho wamekikanyaga tangu utotoni, na atakayetajiwa ekari tatu atajua ni viwanja vingapi vya shule yao.

Kipimo cha pili, nacho kinahitaji uangalifu mkubwa zaidi kwa kuwa fedha hupitia humo, ni hatua. Watu wengi hukodisha mashamba kwa kauli ya "hatua sabini kwa sabini". Asili ya kauli hiyo ni sahihi: ekari moja ni yadi za mraba 4,840, na yadi 70 kwa yadi 70 ni 4,900, tofauti isiyofaa kugombewa. Tatizo ni kwamba yadi moja ina sentimita 91, na mtu mzima anayetembea mwendo wake wa kawaida hupiga hatua ya sentimita 75 hivi. Hatua 70 za namna hiyo ni mita 52 na nusu tu. Ukizizidisha kwa zenyewe unapata takriban mita za mraba 2,750, ambazo ni kama theluthi mbili za ekari. Mpangaji aliyelipa kodi ya ekari nzima amepoteza theluthi moja ya fedha zake bila mtu yeyote kusema uongo, na atakapoweka mbolea na dawa kwa kiwango cha ekari atakuwa amezidisha. Kwa hatua ya sentimita 75 inampasa kuhesabu hatua 85 kila upande. Kila mkulima na aipime hatua yake mwenyewe: anyooshe utepe wa mita 30, aupite mara tatu kwa mwendo wake wa kawaida bila kujinyoosha, ahesabu hatua na atafute wastani. Akipata hatua 40, hatua yake ni sentimita 75.

Jambo linalofungamana na hatua ni umbo la shamba. Wapo wanaopima kwa kulizunguka shamba, wakaamini kwamba mashamba mawili yenye mzunguko mmoja ni sawa. Shamba la mraba la mita 63 na nusu kila upande lina mzunguko wa mita 254, na ni ekari moja. Shamba jembamba la mita 20 kwa 107 lina mzunguko huo huo wa mita 254, lakini eneo lake ni nusu ekari na kidogo tu. Vipande vyembamba vya namna hii ni vingi katika ardhi za urithi, ambako kila ndugu hutaka kipande chake kifike barabarani au mtoni. Ninaomba jambo hili lielezwe kwa utaratibu kabla ya mirathi kugawanywa, si baada ya watu kuacha kusalimiana.

Hapa Pwani tunacho pia kipimo cha miti. Mzee akisema ana shamba la minazi mia, amekwisha kulieleza kwa watu wa rika lake. Minazi iliyopandwa kwa nafasi ya mita 9 kwa 9 huingia 50 hivi katika ekari, kwa hiyo minazi mia ni ekari mbili. Mfano huu ni mzuri sana kwa shamba jipya lililopandwa kwa kamba. Kwa mashamba ya zamani haufai, kwa sababu minazi huko imesongamana pengine na kuachana kwingine, na tena katika mwambao wetu mwenye mnazi si lazima awe ndiye mwenye ardhi. Kuhesabu miti huko ni kuhesabu mali nyingine kabisa. Kuhusu ploti ya futi 50 kwa 100, inatosha kusema kwamba watu huiita thumuni ya ekari, lakini ploti nane hazitimizi ekari. Huhitajika karibu tisa.

Kwa kazi ya kila siku ya shamba, kipimo kidogo kinafundisha kuliko kikubwa. Ninapoeleza mbolea ya kupandia, hulitandika leso chini. Leso moja ina takriban mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, na kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 hukaa juu yake mashimo manne hivi ya mahindi. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa katika mashimo yote ya ekari moja, ambayo ni kama 10,800, kila shimo hupata gramu tano pungufu kidogo, kiasi cha kifuniko kimoja cha chupa ya soda. Leso moja, basi, ni vifuniko vinne. Akina mama hulishika hili mara moja, na hawahitaji kukumbuka gramu. Kiasi chenyewe kifuate ushauri wa afisa wa kilimo na upimaji wa udongo, maana mchanga wa karibu na bahari hauko sawa na udongo wa kingo za mto Sabaki.

Mvua nayo hueleweka kwa njia hiyo. Milimita moja ya mvua juu ya ekari moja ni lita 4,047, yaani zaidi ya mitungi 200 ya lita 20. Mkulima anayefikiria kunyeshea ekari nzima kwa mtungi kutoka kisimani akiambiwa hivyo, ataamua mwenyewe kuanza na kipande cha mboga kinacholingana na nguvu za nyumba yake.

Ardhi ikizidi ekari kumi, miti na viwanja huanza kuchosha akili. Hapo tafuteni mahali ambapo watu wamepatembea. Eneo la magofu ya Gede ni ekari 45, na mtu aliyelizunguka pamoja na msitu wake ana picha nzuri ya shamba la ushirika la ekari arubaini na kitu. Kwa ndugu zetu wa Lamu, mji wao wa kale, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, una hekta 16 hivi, ambazo ni karibu ekari 40. Usiupeleke mfano wa Lamu kwa mkulima wa Langobaya ambaye hajawahi kupanda mashua. Utakuwa umemwongezea kisichojulikana juu ya kisichojulikana.

Zipo pia tarakimu kubwa zinazotajwa barazani na redioni, na mkulima ana haki ya kuzielewa kwa sababu ardhi yenyewe ni ya jirani yake. Mradi wa Galana Kulalu, katika kaunti za Kilifi na Tana River, ulipozinduliwa mwaka 2014 ulitajwa kuwa wa ekari 1,000,000, ukaanza na shamba la mfano la ekari 10,000. Kusema kwamba ekari milioni moja ni viwanja vya mpira laki tano na zaidi si kueleza chochote, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kuona viwanja laki tano. Ni afadhali kutumia urefu wa upande. Ekari 10,000 ni mraba wenye upande wa kilomita 6 na kidogo, mwendo wa saa moja na robo kwa miguu kila upande. Ekari milioni moja ni mraba wenye upande wa kilomita 64, na kutoka Malindi mpaka Kilifi kwa barabara ni kilomita 60 hivi. Mwambie msikilizaji aipige picha ya safari hiyo ya matatu, kisha umbali huo huo aelekee bara, arudi na kufunga mraba. Msitu wa Arabuko-Sokoke anaoupita njiani una kilomita za mraba 420 hivi, na ekari milioni moja ni kama misitu kumi ya namna hiyo.

Angalizo moja ni la lazima hapa. Eneo likiongezeka mara mia, upande wake huongezeka mara kumi tu, na jicho hudanganyika. Ili kuliondoa shaka hilo, ninatumia mchanga. Chora mraba wa mita moja kila upande. Huo ndio shamba la ekari 10,000. Pima mita kumi kwa mita kumi kuuzunguka. Hizo ndizo ekari milioni moja, na vijana wawili wanatosha kushika kamba. Kisha weka ndani ya ule mraba mdogo punje moja ya hindi, ambayo upana wake ni sentimita moja hivi, na uwaambie wakulima waikaribie na kuiangalia kwa makini, kwa sababu punje hiyo ndiyo ekari moja.