SOMO: Namna ya kuanzisha kikundi cha watumiaji wa Linux mjini kwenu

Wakuu, habari za muda huu.

Wapo walioniomba niandike hatua kwa hatua jinsi ya kuanzisha kikundi cha watumiaji wa Linux, yaani mfumo endeshi huria unaoweza kukaa kwenye kompyuta badala ya Windows, nje ya Dar. Mimi niko Mwanza, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku Kanda ya Ziwa. Aliyeko Tanga, Mbeya au Kisumu atabadilisha kidogo tu.

Wakati wenyewe ni huu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa upande wa Intel zinaanzia kizazi cha nane. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua huku ni za kabla ya hapo. Kibodi nzima, skrini nzima, na mwenye nayo alijinyima kuipata. Kuiacha mashine kama hiyo bila masasisho ya usalama, wakati mfumo endeshi huria unaoifaa upo na ni wa bure, ni hasara inayoniuma kweli.

Hatua ya 1: Tafuta watu watatu. Jina, nembo na fulana vitakuja vyenyewe

Usianze na tangazo. Anza na watu watatu, na uwachague kwa kazi zao.

Wa kwanza ni fundi wa kompyuta wa mtaani, yule ambaye kazi yake ya kila siku ni kupiga Windows. Wengi wanamruka kwa sababu wanamwona mpinzani. Ndiyo, sehemu ya mkate wake inatoka huko. Lakini mtu akipata shida na laptopu yake saa 3 asubuhi, anakimbilia kibandani kwa fundi huyo, wala hakumbuki kikundi chako. Fundi akisema "hii Linux ndiyo imeharibu mashine, ngoja nikurudishie Windows", kazi yenu yote imekwisha. Akiwa mwenzenu atasema tofauti. Mwonyesheni pesa iliyopo: kubadilisha diski ya zamani kwa SSD (diski mpya yenye kasi), kuongeza RAM, kusafisha feni, kubadilisha skrini. Mteja ambaye mashine yake imefufuka hulipia hivyo kwa moyo mmoja.

Wa pili ni mwalimu wa TEHAMA wa sekondari. Ana maabara, ana wanafunzi, na mara nyingi ana kompyuta kadhaa zimelala kwenye kona zinasubiri bajeti.

Wa tatu ni mwenye stationery. Huyu anachapa barua, anaprinti CV, anaskani vyeti tangu asubuhi mpaka jioni. LibreOffice, programu huria ya ofisi inayoshika nafasi ya Word na Excel, ikimfungulia nyaraka za wateja bila kuzivuruga na printa ikatoa karatasi, una shahidi ambaye mji mzima unapita mlangoni kwake.

Hatua ya 2: Chagueni mfumo mmoja

Ubuntu, Debian, Fedora, Mint, yote ni mizuri, na ubishi wa ipi ni bora hauna mwisho. Kikundi kichanga kinahitaji mmoja, ili anayekwama amkute jirani mwenye skrini inayofanana na yake. Kwa mashine zetu mimi nashauri Linux Mint 22 toleo la Xfce (lenye mwonekano mwepesi), iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itakayopata masasisho hadi 2029. Inakubali RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayoendeka kwa raha. Anayependa kingine akitumie kwenye mashine yake mwenyewe. Siku ya kikundi tunasakinisha kimoja.

Hatua ya 3: Siku na mahali

Wekeni siku moja ya mwezi isiyobadilika, hata wakija wawili. Mtu akishajua kwamba kila Jumapili ya kwanza mpo, atakuja siku atakayoharibikiwa.

Fikirieni dini za watu wenu. Huku kwetu Wasabato ni wengi, Jumamosi unawapoteza wote. Ijumaa mchana ndugu zetu Waislamu wako msikitini. Jumapili kuanzia saa 8 mchana watu wa makanisa mengi wamesharudi nyumbani, na hadi saa 11 kuna mwanga wa kutosha kwa kila mtu kufika kwake salama.

Mahali, angalieni kwanza soketi na meza, halafu mengine. Maabara ya shule, ukumbi wa parokia, madrasa, maktaba ya mkoa, vyote vinafaa. Barua ya maombi iwe fupi, na ijibu yale ambayo mkuu wa shule atataka kuyajua: nani atashika ufunguo, nani atasafisha, nani atalipa kitu kikivunjika.

Hatua ya 4: Vifaa, na namna ya kuokoa bando

Hapa ndipo vikundi vya miji yetu vinapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pakueni faili la ISO, yaani faili lenye mfumo mzima wa kusakinisha, mara moja tu, usiku, kwa bando la bei nafuu. Kisha hakikisheni limefika zima kwa amri ya sha256sum, mkilinganisha na namba iliyoko kwenye tovuti ya wenye mfumo. Faili pungufu hukwamisha usakinishaji katikati, na lawama inaangukia Linux. Likiwa sawa, liwekeni kwenye flashi kwa kutumia Ventoy, ambayo inaruhusu flashi moja kubeba mifumo kadhaa.

Kazi kubwa ni masasisho. Chukulieni mna mashine kumi na kila moja inataka MB 500: hizo ni GB 5. Dawa yake ni kompyuta moja ya zamani itakayokuwa ghala. Isakinishieni apt-cacher-ng, programu inayotunza masasisho yaliyokwisha kupakuliwa:

sudo apt install apt-cacher-ng

Iunganisheni na raouta ya kawaida, muipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10. Kila mashine ya mgeni ipewe mstari huu:

echo 'Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/01proxy

Mashine ya kwanza itapakua kutoka intaneti, na zinazofuata zitachota ghalani. Mkisakinisha mfumo mmoja kama nilivyosema hapo juu, zile GB 5 zinashuka karibu na MB 500.

Kabla mtu hajaondoka, futeni ule mstari:

sudo rm /etc/apt/apt.conf.d/01proxy

Usipofutwa, akifika nyumbani mashine itaendelea kuitafuta 192.168.1.10, haitaiona, na masasisho yatagoma. Bandikeni karatasi ya kukumbusha mlangoni.

Vingine ni ekstensheni, diski ya nje yenye nafasi ya kutosha, na daftari.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Hotuba iwe dakika chache. Watu wamebeba mashine, wanataka kuona zinawaka.

Mwulize kila mtu anafanyia nini kompyuta yake. Mhasibu anayetegemea programu ya Windows isiyo na mbadala, msimwondolee Windows. Mwekeeni mifumo miwili au mwacheni alivyo, na mwambieni ukweli huo waziwazi. Mwalimu, mwanafunzi, mwenye stationery na mtu wa barua pepe na YouTube, hao endeleeni nao.

Nakala ya mafaili inachukuliwa kabla ya lolote, na mwenye mashine anayafungua mwenyewe kwenye diski ya nje kuona kama picha za harusi na tasnifu vimo. Mashine iliyotumwa bila mwenyewe isiguswe. Kwa laptopu zilizotoka maofisini, angalieni kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Kama imefungwa, ufunguo wa kurejesha upatikane kwanza, maana kubadilisha mipangilio ya kuwashia kunaweza kumfungia mtu nje ya Windows yake.

Washeni kwa flashi bila kusakinisha: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc kisha F9. Jaribuni Wi-Fi, sauti, kamera na printa pale pale. Kila kitu kikijibu, sakinisheni. Andikeni kwenye daftari aina ya laptopu, kilichofanya kazi na kilichogoma. Baada ya miezi michache daftari hilo litawafaa kuliko maelezo mengi ya Ulaya, kwa sababu lina mashine zinazouzwa mtaani kwenu.

Hatua ya 6: Jumatatu inayofuata

Kama kuna hatua moja ya kushika katika somo hili, ni hii. Jumapili jioni kila mtu anaondoka anacheka. Jumatatu asubuhi yuko ofisini, printa haijibu, bosi anasubiri barua. Akikosa wa kumpigia, mchana yuko kwa fundi anarudishiwa Windows, na jioni amewaambia jamaa zake wote kwamba Linux ni ya wataalamu.

Kwa hiyo kila mashine iliyosakinishwa ipewe mlezi kwa mwezi mzima. Mlezi anapiga simu Jumatatu, bila kusubiri kupigiwa. Anauliza printa, anauliza mafaili ya Word yalivyofunguka, anauliza kama modemu imekubali. Mlezi mmoja asibebe mashine zaidi ya tatu. Maana yake ni kwamba mkiwa walezi wanne, msisakinishe zaidi ya kumi na mbili, hata kama nje kuna foleni. Wengine waandikieni mwezi ujao. Najua inauma kumrudisha mtu, lakini mtu aliyerudishwa kwa heshima anakuja tena, na aliyetelekezwa na mashine asiyoielewa haji.

Aliyelelewa mwezi huu, mwezi ujao au wa tatu yeye ndiye mlezi. Hivyo ndivyo kikundi kinavyokua.

Hatua ya 7: Pesa na uongozi

Ada ya kiingilio sioni haja yake mwanzoni. Mchango wa bando na chai utosheleze, uandikwe na watu wawili, usomwe mbele ya wote. Usajili subirini mpaka muwe na sababu, kama kufungua akaunti ya benki au kupokea msaada wa kompyuta. Kwa Tanzania, chama cha namna hii kinaingia kwenye Sheria ya Jumuiya, na msajili yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi.

Karibuni maswali.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Iringa: Mkuu, asante kwa somo. Sisi tupo watatu, wote wanachuo mwaka wa tatu. Tukihitimu si ndiyo mwisho?

Jibu: Mkibaki wanachuo watupu, ndiyo. Tafuteni mapema mkazi wa mji, fundi au mwalimu, na vifaa vikae kwake: lile ghala, diski na daftari. Somo la kila mwezi lifundishwe na mtu tofauti, na msaidizi wake atoke mwaka wa kwanza.

Kutoka Morogoro: Kaka, nilishaenda kwenye kikundi cha aina hii. Kila nikiuliza kitu, kijana ananyang'anya kipanya, anafanya haraka haraka, ananiambia "tayari dada". Nikarudi nyumbani sijui alichofanya. Hilo mnalizuiaje?

Jibu: Pole sana dada, na nashukuru umelisema. Kanuni yetu ni kwamba kipanya na kibodi havitoki mikononi mwa mwenye mashine. Msaidizi anaelekeza kwa maneno, hata ikichukua nusu saa. Akishindwa kueleza kwa mdomo, amwite mwenzake. Hiyo isomwe kila mwanzo wa kikao, na anayeivunja aambiwe pale pale. Zaidi ya hapo, walezi wawemo wanawake tangu siku ya kwanza. Wanawake walishaliona tatizo hili zamani, ndiyo maana LinuxChix, jumuiya ya wanawake wanaotumia Linux, ilianzishwa 1999. Ukipata wenzako wawili Morogoro, anzisheni ninyi wenyewe, nami nitawapa kila nilichonacho.

Kutoka Kisumu: Mambo ya usajili huku Kenya yakoje? Sisi tuna kamati tayari.

Jibu: Kenya mna sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022. Inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na mnajisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Nendeni na katiba fupi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za kikao.

Kutoka Zanzibar: Kuna wazee hapa hawataki Kiingereza kabisa. Tutawasaidia vipi?

Jibu: Kazi hii ilishaanzwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Leo programu huria nyingi zina Kiswahili nusu nusu, na tafsiri ziko wazi kwa yeyote kuongeza. Wanaokuja bila laptopu wapeni kazi hiyo, na kwa lugha ninyi wa Unguja mna la kutufundisha. Kwa wazee wenyewe, wawekeeni alama nne tu kwenye skrini, mkizipa majina ya Kiswahili: barua, picha, intaneti, kuzima.

Kutoka Musoma: Nimesakinisha Mint kwenye HP ya mtumba, Wi-Fi haionekani kabisa. Waya wa LAN sina. Nifanyeje?

Jibu: Chomeka simu ya Android kwa waya wake wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, washa kushirikisha intaneti kwa USB. Mint itaiona kama waya wa mtandao. Kisha fungua Driver Manager, subiri itafute. Kama kadi ni Broadcom itakupendekezea draiva, ikubali na uwashe upya. Mashine ikikudai nywila ya Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka) wakati wa kusakinisha draiva, iandike mahali, utaulizwa tena inapowaka. Bado ikigoma, endesha lspci -nnk, nakili mistari inayotaja Network, uilete hapa pamoja na namba kamili ya modeli iliyo chini ya laptopu.