Jinsi asasi ya kiraia inavyoweza kuingiza maneno yake katika sera ya utamaduni nchini Kenya

Mwongozo huu unawahusu viongozi wa vikundi vya ngoma, mabaraza ya wazee, vyama vya waandishi na asasi za urithi ambao hualikwa kwenye vikao vya kutoa maoni, wakaeleza mengi kwa uchungu, kisha sera ikatoka bila hata neno lao moja. Kwa uzoefu wangu wa kuandaa maoni ya vikundi vya Pwani, mara nyingi hali hii hutokea kwa sababu kikundi hupeleka malalamiko mahali ambapo kamati inahitaji kifungu kilichokwisha kuandikwa.

Hatua ya 1: Shika msingi wa kisheria

Mwaka 2007 Kenya iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2005 kuhusu kulinda na kukuza uanuwai wa kujieleza kiutamaduni, ambao Kifungu chake cha 11 kinazitaka nchi wanachama zihimize ushiriki wa asasi za kiraia. Katiba ya mwaka 2010 inaongeza nguvu: Kifungu cha 10 kinataja ushirikishaji wa wananchi, cha 44 kinalinda haki ya lugha na utamaduni, na vya 118 na 196 vinalibana Bunge la Taifa, Seneti na mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi. Vitaje katika aya ya kwanza ya waraka wenu, kisha muendelee na hoja.

Hatua ya 2: Ipate rasimu mapema

Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti shughuli za kitamaduni, huku majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki mikononi mwa serikali kuu. Kwa hiyo mswada unaohusu ngoma huenda uko kwa karani wa bunge la kaunti wakati ninyi mnautafuta Nairobi. Ikiwa ofisi haitoi rasimu, andika barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili na inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Ukinyimwa, peleka suala hilo kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Hatua ya 3: Kaa na wenyewe

Usiwaulize watu wanaionaje sera, kwa maana utaambiwa ni nzuri. Wasomee kifungu kimoja kimoja kwa lugha wanayoitumia nyumbani, kisha waulize kitawafikaje watakapokuwa na arusi, maulidi au matanga. Tenga kikao cha wanawake na cha vijana, kwani mbele ya wazee wengi wao hunyamaza. Kuna pia maarifa ambayo hayafai kuandikwa: wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wana mambo ambayo hawayatoi nje, na asasi inayoyaanika katika waraka wa umma ili kuipa hoja yake uzito inawadhuru wale inaodai kuwatetea.

Hatua ya 4: Andika kifungu mbadala

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ningependa mtumie nusu ya muda wenu hapa. Chora jedwali lenye safu nne: namba ya kifungu, maneno yaliyomo, madhara yake, na maneno mnayoyapendekeza. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme rasimu inasema, “Kila ngoma ya hadharani itaombewa kibali siku 14 kabla ya kufanyika.” Katika safu ya madhara, msiandike kwamba kifungu kinakandamiza utamaduni, kwa sababu mwanasheria wa kamati hawezi kulifanyia kazi neno hilo. Andikeni kwamba kifudu ni ngoma ya matanga, na kwa kuwa msiba hautoi taarifa, familia italazimika ama kuvunja sheria ama kumzika mtu wao bila ngoma yake. Katika safu ya mwisho andikeni: “Isipokuwa ngoma za mazishi na za ibada, ambazo zitatolewa taarifa kwa chifu bila kibali wala ada.” Mwanasheria huyo sasa ana sentensi anayoweza kuinakili moja kwa moja.

Hatua ya 5: Wasilisha kwa ushahidi

Peleka waraka kabla ya siku ya mwisho iliyotangazwa, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, na mwambatishe orodha ya vikao mlivyofanya. Kwenye kikao cha hadhara, msemaji wenu azungumzie vifungu viwili au vitatu vizito tu.

Hatua ya 6: Fuatilia mpaka mwisho

Omba ripoti ya kamati na uilinganishe na jedwali lenu, kifungu kwa kifungu. Palipokataliwa bila sababu, andika tena. Zihifadhi karatasi zote, kwani mahakama huzingatia jinsi wananchi walivyoshirikishwa: mwaka 2018, katika kesi ya wavuvi wa Lamu kuhusu LAPSSET, yaani mradi wa bandari ya Lamu na njia za usafiri kuelekea Sudan Kusini na Ethiopia, Mahakama Kuu iliamua kwamba ushirikishaji haukutosha na kwamba haki ya utamaduni ya wakazi ilikiukwa. Hatimaye, kila baada ya miaka 4 nchi hupeleka ripoti UNESCO kuhusu utekelezaji wa Mkataba wa 2005, na mfumo wa ripoti hiyo una sehemu ya asasi za kiraia. Iulizeni mapema Tume ya Taifa ya Kenya ya UNESCO maandalizi yataanza lini, mkaijaze sehemu hiyo kwa yale yaliyo katika jedwali lenu, yakiwemo yaliyokataliwa.