Jinsi ya Kukagua Mashua Kuukuu ya Uvuvi Kabla ya Kuinunua

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mvuvi anayetaka kununua mashua ya mbao iliyokwisha kutumika, ya urefu wa futi 20 hadi 35 hivi, kama zile zinazovua kati ya Tanga, Pangani, Bagamoyo na Kilwa. Kazi yangu ni kuunda na kutengeneza vyombo vya mbao, na wanunuzi wengi hunijia wakiwa wamekwisha kulipa, wakati ambapo ushauri wangu hauwezi kuwasaidia tena. Mlingoti, tanga, foromali (mti unaobeba tanga), usukani na hata mbao za juu hubadilishwa kwa gharama inayohimilika. Lakini mkuku (uti wa mgongo wa mashua ulio chini kabisa), fashini (miti inayosimama kwenye ncha mbili za mkuku, mbele na nyuma) na mataruma (mbavu za ndani) ya chini vikiwa vimeoza, fundi hatengenezi tena mashua ile, bali anaunda nyingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaguzi wako iwe chini, pale ambapo muuzaji hakuelekezi.

Hatua ya 1: Chagua siku

Nenda wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, kwa kuwa katika mwambao wetu maji hupwa sana siku hizo, na mara nyingi hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kukiwa na mwanga wa kutosha. Mwombe muuzaji aipandishe mashua pwani maji yakiwa yamejaa na kuitia magadi, yaani miti ya kuiegemeza, ili maji yakipwa uweze kuizunguka yote. Chukua kisu chenye ncha, nyundo ndogo, tochi, chaki na uzi mrefu wa nailoni. Muuzaji akisema kwamba rangi imepakwa juzi na haijakauka, ahirisha safari. Rangi mpya na puti iliyojazwa kwenye mishono, yaani maungio ya mbao, huficha yale unayokwenda kuyatafuta.

Hatua ya 2: Tazama mkuku na mistari ya chombo

Simama hatua kumi mbele ya omo (sehemu ya mbele ya mashua), kisha nyuma ya tezi (sehemu ya nyuma), ukalinganishe pande mbili. Baada ya hapo vuta uzi chini, kutoka mwanzo wa mkuku hadi mwisho wake. Mkuku ulionyooka tangu ulipochongwa unapaswa kuufuata uzi. Ukiona katikati umeinuka na ncha mbili zimeshuka, ujue mashua imechoka, misumari imelegea, na kila ikipanda wimbi mishono itafunguka hata kama imekalafatiwa (imezibwa kwa pamba) jana. Kasoro hii haiondolewi kwa kukaza kitu chochote. Mimi nikiiona, huwa namshauri mnunuzi asiendelee na hatua nyingine.

Hatua ya 3: Gonga na uchome mbao zilizo chini ya maji

Anza kwenye ubao ulio jirani na mkuku, ugonge kila shubiri moja. Ubao mzima hutoa mlio mkavu, nao mkono unahisi nyundo ikirudi. Ubao uliooza hutoa mlio mzito uliokufa, na nyundo hairudi. Kila penye mlio wa namna hiyo, sukuma ncha ya kisu. Ikiingia kwa wepesi zaidi ya nusu inchi, weka alama ya chaki.

Adui mkubwa wa mbao zetu ni kiumbe wa baharini anayetoboa mbao, ambaye watu wengi humwita mdudu au mnyoo ingawa kwa asili yake ni jamii ya chaza. Huingia akiwa mdogo mno, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hukua humo humo ndani, akichimba njia inayoweza kufikia unene wa kidole na kuipaka chokaa nyeupe. Ndiyo maana ubao unaweza kuonekana safi kwa nje huku ndani umebaki kama sega la nyuki. Ukichoma kisu na kusikia kitu chembamba kikivunjika kama ganda la yai, umekwisha kumpata. Mashua iliyozoea kufungwa kwenye vijito vya mikoko ikaguliwe kwa ukali zaidi, kwa kuwa mbao za mikoko iliyokufa ndizo maskani yake. Muulize mwenye mashua ni lini mara ya mwisho alipoipitisha moto wa makuti chini na kuipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Anayeitunza mashua yake hujibu mara moja, bila kuhesabu vidole.

Kama mbao zimevalishwa faiba kwa nje, ukaguzi wako utategemea upande wa ndani pekee. Maji yakishapenya kati ya faiba na mbao hayatoki, nazo mbao huoza bila mtu kuona.

Hatua ya 4: Misumari

Michirizi ya kutu inayoshuka chini ya vichwa vya misumari ni dalili, lakini haitoshi. Omba ruhusa ung'oe misumari miwili au mitatu, mmoja karibu na mkuku na mwingine karibu na omo. Msumari huliwa zaidi pale ubao unapokutana na taruma, kwa hiyo utaona kichwa kizima, ncha nzima, na katikati pamekonda kama sindano. Mashua yenye misumari ya namna hiyo imeshikamana kwa mazoea tu. Muuzaji akikataa using'oe hata mmoja, punguza bei kana kwamba yote ni mibovu.

Hapa sina budi kueleza kosa langu. Nilimkagulia ndugu yangu mashua ya futi 26, na kwenye fashini ya nyuma palikuwa na kipande cha bati, upana wa viganja viwili, kimepigiliwa vizuri na kupakwa rangi. Tuliambiwa ni kinga ya kusuguana na mashua nyingine bandarini. Sikukibandua. Baada ya miezi miwili rumada, yaani bawaba za usukani, ziling'oka pamoja na usukani, ndugu yangu na wenzake wakiwa nje ya mwamba, wakarudi kwa kasia usiku kucha. Tulipobandua bati, mbao ya ndani ilichoteka kwa mkono. Tangu siku hiyo kila bati hubanduliwa.

Hatua ya 5: Ingia ndani

Toa mbao za kukanyagia, kausha ngama (sehemu ya chini ndani ya mashua ambako maji hujikusanya), umulike kila taruma hadi linapokutana na mkuku. Usidhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha. Maji ya mvua huozesha zaidi, nayo hutuama juu, chini ya sitaha ya omo, kwenye pembe za tezi na kwenye ncha za mbao zinazokingama. Mashua iliyolala wazi masika yote hukaguliwa kuanzia huko.

Hatua ya 6: Ishushe majini

Ngama ikiwa kavu, ielee kwa saa moja, kisha weka alama ya chaki pale maji yalipofikia. Mashua iliyokaa nchi kavu muda mrefu itavuja siku ya kwanza hadi mbao zivimbe, na hilo si kasoro. Irudie siku ya pili. Maji yanayotoka kwenye mshono wa ubavuni hutibiwa kwa kalafati ya pamba na sifa, yaani mafuta ya papa, lakini yanayotoka kati ya ubao wa chini na mkuku ni kazi kubwa. Kisha tweka tanga, uipeleke penye mawimbi.

Hatua ya 7: Mashine

Mashine ya kupachika (inayofungwa nje, nyuma ya mashua) inunuliwe kwa bei yake peke yake. Ifungue oili ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Hakikisha maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu, na namba ya mashine haijafutwa.

Hatua ya 8: Hati na wenyewe

Omba kuona usajili wa chombo na leseni ya uvuvi ya mwaka huo, kisha uvihakiki katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Habari za ukaguzi wa usalama ziulizie TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Mashua iliyosajiliwa Zanzibar ina taratibu zake tofauti na za Bara. Mashua nyingi kuukuu ni za mirathi, kwa hiyo warithi wote wapatikane, na uliza pia kama kuna tajiri wa samaki anayeidai. Andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mkitaja namba ya chombo, namba ya mashine na kila kifaa kinachokwenda nayo, na usajili ubadilishwe kuwa jina lako kabla mashua haijatoka kuvua.