Kuchora Ukuta San Nicolas, Aruba: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Mchoraji Anayesafiri

San Nicolas ni mji ulioko ncha ya kusini mashariki ya kisiwa cha Aruba, katika Bahari ya Karibi. Ulikua haraka kuanzia miaka ya 1920 kwa sababu ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Lago, na kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 1985 maduka mengi ya barabara kuu yalibaki na milango iliyofungwa na kuta zilizochakaa. Tangu tamasha la Aruba Art Fair lilipoanza mwaka 2016, wachoraji wa kisiwani na wa kutoka nje wamezijaza kuta hizo michoro mikubwa, na leo mgeni anaweza kutembea mtaa kwa mtaa akitazama kazi zao. Nilikwenda huko kuchora ukuta mmoja wenye upana wa mita 8 na kimo cha mita 5. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba upepo wa kisiwa hicho una usemi katika kila uamuzi, kuanzia rangi utakayonunua hadi saa utakayoamka, na mwongozo huu nimeupanga kwa kuufuata upepo huo.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wako kabla ya kukata tiketi

Mwombe mwenyeji wako akupe kwa maandishi idhini ya mwenye jengo, vipimo vya ukuta, picha zilizopigwa asubuhi na jioni, na upande ambao ukuta unaelekea. Idhini ya mdomo haitoshi. Niliwahi kuanza kazi katika mji mwingine kwa ahadi ya mwandaaji tu, na siku ya tatu mwenye jengo akaja na kuuliza ni nani aliyeniruhusu. Tulisikilizana mwishowe, lakini siku mbili za kazi zilikuwa zimekwisha kupotea.

Swali la ukuta kuelekea wapi lina uzito mkubwa zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Aruba upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, wala haubadiliki kama kusi na kaskazi tulivyovizoea pwani ya Afrika Mashariki. Ukuta unaotazama mashariki hupokea upepo usoni pamoja na vumbi na chumvi. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini hupitiwa na upepo ubavuni, nao huichukua rangi ya kupuliza na kuipeleka upande wa magharibi kabla haijatua. Ukuta unaotazama magharibi umejificha nyuma ya jengo lake wenyewe, na asubuhi yote huwa kivulini. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chagua huo wa magharibi, kisha ufanye kazi kuanzia mapambazuko hadi karibu saa 6 mchana, kabla jua halijaugeukia. Ukipewa wa kaskazini, kumbuka kwamba kisiwa kiko takriban nyuzi 12 na nusu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Agosti jua la mchana hupita upande wa kaskazini na kuuchoma ukuta huo. Miezi mingine utakuwa na kivuli cha kutosha.

Hatua ya 2: Shughulikia hati za safari na za kazi

Aruba ni nchi ndani ya Ufalme wa Uholanzi, lakini haimo katika eneo la Schengen, na viza inayoombwa kwa ajili ya visiwa vya Karibi vya Uholanzi ni tofauti na viza ya Ulaya. Anayesafiri kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania aulize mapema katika ubalozi wa Uholanzi, na aulize pia kuhusu kupitia uwanja wa ndege wa Amsterdam, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kawaida kutoka kwetu. Chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ujaze fomu ya kuingia nchini kwa njia ya mtandao kabla ya kuondoka.

Kuchora kwa malipo ni kazi. Usiingie kama mtalii kisha ukapokea ujira kwa matumaini kwamba hakuna atakayeuliza. Mwenyeji wako ndiye mwenye wajibu wa kuliuliza jambo hili katika idara ya uhamiaji ya Aruba, nawe una haki ya kuliona jibu kwa maandishi.

Hatua ya 3: Pakia vifaa, na rangi uinunue huko

Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege ya abiria, iwe katika begi la mkononi au katika mzigo, kwa sababu yana gesi inayoshika moto. Usijaribu kuyaficha. Mtumie mwenyeji orodha ya rangi zako wiki kadhaa kabla, kwa kuwa bidhaa nyingi huletwa kisiwani kwa meli, na rangi uliyoizoea huenda isiwepo dukani siku utakayoihitaji.

Vitu vya kubeba ni vichwa vya kupulizia vya ukubwa mbalimbali, brashi nzuri, rola na mipini yake, uzi wa chaki, timazi, tepu, miwani ya kukinga macho, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali na chembechembe. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii mvuke huo hata kidogo. Mashine za umeme za volti 240 ziache nyumbani, kwa sababu umeme wa Aruba ni wa volti 127. Chaja ya simu kwa kawaida hukubali volti zote mbili, lakini mashine ya kutoboa au ya kusugulia haitafanya kazi ipasavyo. Kuhusu fedha, florini ya Aruba imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 1.79, na dola hupokelewa madukani.

Hesabu ya rangi niliifanya hivi. Ukuta wa mita 8 kwa 5 una mita za mraba 40. Kwenye lipu yenye mikwaruzo, lita moja ya rangi ya maji ya nje niliihesabia mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, ingawa makopo huahidi zaidi. Kwa hiyo praima ilihitaji lita 5, na mikono miwili ya rangi ya msingi lita 10. Kopo la mililita 400 la kupuliza hufunika mita za mraba 1.5 hadi 2 pasipo upepo. Penye upepo usitegemee hata hizo. Ndiyo maana nakushauri sehemu zote kubwa uzijaze kwa rola na brashi, na makopo uyaweke kwa ajili ya kingo, vivuli na mng'ao. Kwa ukuta wangu makopo 30 yalitosha.

Kuhusu rangi zenyewe, jua la kule ni kali na halina huruma kwa nyekundu na njano za bei nafuu, ambazo hupauka kabla ya nyingine. Rangi za udongo zenye oksidi ya chuma, nyeupe ya titani, pamoja na buluu na kijani zinazotokana na kemikali iitwayo fithalo hudumu zaidi, na ni busara kuujenga mchoro juu ya hizo.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, kaa na watu wa mtaa

Usifungue kopo siku ya kwanza. Tafuta kivuli mkabala na ukuta, uwasalimie wapitao kwa "bon dia" ya Kipapiamento, lugha ya kisiwani, na utulie. San Nicolas ina masikio ya lugha nyingi. Wafanyakazi wengi wa Lago walitoka katika visiwa vilivyokuwa vya Waingereza, hivyo utasikia pia Kiingereza cha Karibi mtaani, na ngoma za chuma na kanivali ni mambo yanayowagusa watu wa mji huo kwa undani. Wazee wanajua kisa cha usiku wa Februari 1942, nyambizi ya Kijerumani iliposhambulia meli za mafuta karibu na kiwanda.

Rasimu yangu ya awali ilikuwa na jahazi la Lamu, na bado naamini mchoraji anaruhusiwa kuleta cha kwao. Lakini jirani mmoja mtu mzima aliniuliza kwa upole, "Na sisi tutajiona wapi humo?" Swali hilo lilinifanya nikae usiku kucha nikiibadilisha. Jahazi lilibaki, ila nililiweka mbali kwenye upeo wa macho, na mbele nikamchora mwanamke anayeanika nguo ambazo upepo umezijaza kama tanga. Bundi mdogo aitwaye shoco na mti wa watapana uliopindwa na upepo ni alama za kisiwa ambazo wageni wengi hukimbilia; ukitaka kuzitumia, uliza kwanza zimekwisha kuchorwa wapi.

Hatua ya 5: Osha, kwangua, kisha ziba

Kuta za huko hubeba chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, na rangi iliyopakwa juu ya chumvi hutoka malengelenge. Kwangua kwa brashi ya waya kila kilicholegea, halafu osha ukuta kwa maji yasiyo na chumvi kuanzia juu kwenda chini mara mbili. Maji ya bomba ya Aruba ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi, ni safi hata kwa kunywa, lakini yana gharama, kwa hiyo tumia ndoo na sifongo badala ya kuacha mpira ukimwaga. Ukuta ukikauka, pitisha kiganja. Ukiona unga mweupe, osha tena. Lipu mpya iachwe siku 28 kabla ya kuguswa na rangi yoyote. Ziba nyufa, piga msasa, paka praima, na usubiri hadi kesho yake.

Hatua ya 6: Hamisha mchoro ukutani

Projekta huhitaji giza na utulivu, nami sikuvipata vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu taa za barabara zilifuta picha na upepo ukaitikisa mashine. Njia iliyonifaa ni ya alama huria. Jaza ukuta wote kwa herufi, duara na mistari isiyofanana, kwa rangi nyepesi. Simama katikati, mbali kiasi cha kuuona ukuta mzima, na upige picha moja iliyonyooka. Katika simu, weka rasimu yako juu ya picha hiyo na uipunguze ukolezi hadi alama zionekane chini yake. Sasa unajua kwamba jicho la mwanamke liko kulia kwa herufi K na chini ya duara, nawe unachora kwa kufuata alama hizo bila kupima chochote. Mistari mirefu ya wima ihakikishe kwa timazi, na uning'inize jiwe zito, kwa maana jepesi litayumba.

Hatua ya 7: Puliza pamoja na upepo

Anza kwa rola na brashi, toka sehemu ya juu. Ukifika kwenye makopo, simama upande unakotoka upepo, ili mvuke uondoke usoni pako na kazi mbichi isipate matone. Sogeza kopo hadi sentimita 5 hivi kutoka ukutani, tumia kichwa chembamba, na uende kwa mkono mwepesi na wa haraka. Msaidizi ashike ubao wa kadibodi upande wa upepo, akiusogeza kadiri unavyosogea. Funika magari na madirisha ya jirani yaliyo upande wa magharibi hata kama yako mita 10 mbali, kwa kuwa chembe za rangi husafiri kuliko unavyofikiri. Jukwaa lifungwe ukutani kwa kamba, na upepo ukizidi hata ukahisi mbao zinatikisika, shuka. Nilishuka mara mbili, na saa hizo nilizitumia kuchanganya rangi chini.

Hatua ya 8: Kabidhi ukuta

Acha mchoro ukauke siku mbili, kisha paka varnishi ya nje inayokinga miale ya jua, kwa rola na si kwa kupuliza. Rangi zilizobaki zihamishie katika makopo madogo yanayofunga vizuri, andika juu ya kila moja jina la rangi na sehemu iliyotumika, na umkabidhi mwenye jengo pamoja na picha ya ukuta yenye majina hayo. Mwoneshe kijana mmoja wa mtaa namna ya kuosha chumvi kwa sifongo na kuziba mkwaruzo kwa brashi. Yule niliyemwonesha mimi huniletea picha kila baada ya miezi michache, na katika picha ya mwisho nguo za yule mwanamke zilikuwa bado nyeupe.